Kabla Hujanunua Krimu: Namna ya Kuisoma Ngozi na Miguu Yako, na Kuelewa Kilichoandikwa Kwenye Cheti

Mama mmoja alishuka kutoka Kibosho mwezi wa saba, baridi imekaza, akaniwekea mezani tyubu nne za krimu zilizokamuliwa mpaka zikakunjamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina fangasi za miguu, zimekataa kupona."

Alipovua soksi niliona visigino vimepasuka, mipasuko miwili imezama mpaka inatoa damu. Nikamtenganisha vidole kimoja kimoja: pakavu, pasafi, hapana harufu. Hakuwa na fangasi. Alikuwa na magaga, yale yale ambayo bibi yake aliyajua kwa jina na kuyapaka mafuta ya ng'ombe. Miezi mitano alikuwa anapaka dawa ya fangasi juu ya magaga, kwa sababu kila alipofika duka la dawa alitamka neno moja, na kwa neno hilo akauziwa tyubu nyingine.

Mimi ni muuguzi, na mama huyu simlaumu hata kidogo. Hapa Moshi neno "fangasi" limekuwa jina la kila kinachowasha, kinachobanduka na kinachopasuka. Ninachokuomba katika mwongozo huu ni kimoja: ukienda kutafuta dawa, usipeleke jina, peleka sura. Sema kiko wapi, kinafananaje, kilianza lini. Jina atalitoa anayekuangalia, na akishalitoa uwe na uwezo wa kulielewa.

Hatua ya kwanza: kaa mlangoni, mchana

Osha miguu kwa maji na sabuni, uikaushe. Udongo wetu mwekundu huingia kwenye mikunjo ya ngozi ukaficha mengi, na mtu wa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, anaweza kutembea na kidonda chini ya unyayo siku kadhaa bila kujua. Kaa penye mwanga wa jua, taa ya ndani haitoshi. Anza juu ya mguu, pita katikati ya vidole nafasi moja moja, halafu kucha, kisigino, mwisho unyayo. Kama unyayo wako huwezi kuuona, weka kioo sakafuni au muite mjukuu akuangalizie.

Sasa taja unachokiona. Doa ni rangi tu iliyobadilika; ukipitisha kidole huhisi kitu. Kipele kimeinuka. Lengelenge lina maji ndani. Kinundu ni kigumu na kimezama. Magamba ni ngozi nyepesi inayobanduka, na ukoko ni majimaji au damu iliyokaukia juu ya kidonda. Mpasuko ni mstari uliochanika. Daktari naye anaandika haya haya, ila kwa Kilatini: makula ni doa, papula ni kipele, vesikula ni lengelenge dogo, pustula ni kipele chenye usaha, nodula ni kinundu. Ukisikia mtaalamu anasema "papula nyingi mkononi", amesema tu kwamba una vipele vingi mkononi.

Halafu jiulize: hapo panawasha, panauma, au hapana hisia kabisa? Jibu la tatu ndilo linaloniogopesha, na nitalirudia.

Hatua ya pili: katikati ya vidole

Fangasi halisi za miguu hupenda nafasi iliyo kati ya kidole kidogo na jirani yake, maana ndipo pamebanana zaidi na hewa haifiki. Ngozi inakuwa nyeupe, imelowa kama iliyoshinda kwenye maji, inabanduka, inawasha na kunuka. Kuna wanaozipata unyayo mzima, magamba makavu yamezunguka mguu mpaka pembeni kama mtu aliyekanyaga unga. Kwenye cheti cha hospitali utakuta *tinea pedis*. Tinea ni Kilatini cha fangasi wa ngozi, pedis ni "ya mguu". Zikipanda kwenye mapaja na kinena zinaitwa *tinea cruris*, na mara nyingi hupandishwa na nguo: mtu anavaa chupi ikipitia kwenye mguu wenye fangasi. Vaa soksi kwanza, chupi baadaye. Ni jambo dogo, na linasaidia kweli.

Wanaozipata sana huku kwetu nawajua kwa kazi zao. Wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, wanaoshinda matopeni. Wagumu, vijana wetu wanaobeba mizigo mlimani, siku sita au saba ndani ya buti lile lile na soksi isiyokauka. Wanafunzi wa bweni wanaooga peku kwenye sakafu moja. Pia kuna viatu vya mtumba. Pale soko la Memorial viatu ni vizuri na bei mnaelewana, mimi mwenyewe nanunua. Lakini ukifika nyumbani toa soli ya ndani uitupe, kianike kiatu juani siku mbili tatu, kisha weka soli mpya.

Matibabu yanaanza na kukausha, na hapa ndipo pesa nyingi za krimu hupotea. Dawa ikipakwa kwenye ngozi iliyolowa haifanyi kazi yake. Osha, kausha kila nafasi kwa kitambaa cha miguu peke yake, subiri dakika chache, ndipo upake. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa asubuhi na jioni kwa wiki nne hivi. Mwasho utaisha wiki ya kwanza, na wewe utashawishika kuacha. Usiache; fangasi bado wapo, na ndiyo maana watu husema "zinarudi" wakati hazikuwahi kuondoka. Terbinafini ya asilimia 1 huchukua muda mfupi zaidi, wiki moja hadi mbili, ila bei iko juu. Kwenye zahanati nyingi kuna mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi benzoiki na asidi salisiliki. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na mimi naiheshimu. Inachoma kidogo, kwa hiyo usiipake penye ngozi iliyochubuka. Dawa yoyote unayotumia, ipake mpaka sentimita mbili nje ya mpaka wa ugonjwa.

Kucha ikiwa nene, ya njano, inamong'onyoka kama chaki, hiyo inaweza kuwa onikomikosisi, fangasi wa kucha. Krimu ya ngozi hapo haifiki. Kucha ya dole gumba la mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya, kwa hiyo hata dawa sahihi haionyeshi matokeo mwezi ujao. Vidonge vya terbinafini kwa kawaida humezwa wiki kumi na mbili, na daktari anaweza kutaka kupima ini kwanza. Usivinunue mwenyewe.

Si kila kucha iliyoharibika ina fangasi. Wagumu na waongozaji wanaoteremka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka hupata kucha nyeusi kwa sababu vidole vinagonga mbele ya buti saa nzima nzima. Hiyo ni damu iliyovilia, na kucha inapoota weusi husogea mbele nayo mpaka uishe. Weusi usiosogea, mstari unaopanuka, au doa jeusi jipya kwenye unyayo linaloongezeka, hilo ni jambo jingine. Saratani ya ngozi inayoitwa melanoma, kwa watu weusi, hupenda kujificha hapo hapo: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye picha zake zimejaa kwenye vibanda na daladala zetu, ilimwanzia chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977, na mwaka 1981 ikamuua akiwa na miaka 36. Nawaambia vijana habari hii kila mara, kwa kuwa wanamjua.

Hatua ya tatu: kisigino na unyayo

Magaga ni ngozi nene, kavu, iliyokosa unyumbufu. Uzito wa mwili unapokanyaga, inachanika. Ndala zilizo wazi nyuma, vumbi la Januari na Februari, halafu baridi ya Juni hadi Agosti, vyote vinachangia. Kwenye cheti wanaweza kuandika hiperkeratosisi, yaani tabaka gumu la juu limezidi. Nilichomwelekeza mama wa Kibosho ni hiki. Jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi na tano, bila chumvi na bila sabuni ya unga ya kufulia, kwa sababu vyote viwili hukausha. Sugua kwa jiwe la miguu, taratibu, uelekeo mmoja, ukiacha penye mpasuko wenye damu. Futa, lakini usikaushe kabisa: ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando, mengi, kisha vaa soksi ulale nazo. Mwenye uwezo anunue krimu yenye urea, asilimia 10 hadi 25, inayolainisha ngozi nene. Kila jioni, bila kuruka. Alirudi baada ya wiki tatu, mipasuko imefunga, na tyubu hakuniletea tena.

Wembe usiguse magaga. Najua wazee wanachonga, na najua unaona nafuu siku hiyo. Ngozi inajibu kwa kuota nene zaidi, na mkono ukiteleza unafungua mlango wa bakteria.

Kinundu kigumu chini ya unyayo kinachanganya watu: je, ni sugu au ni chunjua? Sugu hutokana na msuguano wa kiatu au namna unavyokanyaga. Chunjua husababishwa na kirusi, na cheti kitasema *verruca*. Fanya jaribio. Kibonyeze moja kwa moja kutoka juu, halafu kibane kutoka pembeni mbili kama unayekamua. Sugu huuma zaidi ukibonyeza. Chunjua huuma zaidi ukibana. Angalia pia mistari ya ngozi: kwenye sugu inapita juu yake, kwenye chunjua inakatika na kuzunguka, na ndani mara nyingi kuna vidoti vyeusi, ambavyo ni mishipa midogo ya damu. Sugu dawa yake ni kubadili kiatu na kulainisha. Chunjua hutibiwa kwa asidi salisiliki wiki nyingi mfululizo, na kwa watoto mara nyingi huondoka zenyewe.

Funza huyu wa miguuni ni mgeni katika bara letu: aliletwa na meli kutoka Brazil, akashukia Angola mwaka 1872, na katika miongo michache akasambaa mpaka huku mashariki. Ni kiroboto jike anayejichimbia ngozini, hasa pembeni ya kucha, akavimba kwa mayai mpaka saizi ya njegere. Utaona duara jeupe lenye kitone cheusi katikati. Madhara makubwa mengi niliyoona hayakuletwa na funza mwenyewe, yaliletwa na pini. Pini moja inapita kwa watoto watano, na damu ya mmoja inaingia kwa mwingine pamoja na hatari ya VVU, homa ya ini na pepopunda. Nenda zahanati. Kama ni lazima atolewe nyumbani, kila mtu sindano yake mpya, na kidonda kioshwe kwa sabuni.

Kuna matende ya aina mbili, na watu hawatenganishi. Yale ya pwani huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Lakini kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama ilivyoelezwa sana Ethiopia, mtu anayetembea peku miaka mingi anaweza kuvimba miguu kwa sababu ya chembe za udongo zinazopenya ngozini. Jina lake ni podokoniosisi, maneno ya Kigiriki: mguu na vumbi. Huanzia vidoleni na unyayoni, kwa mwasho na joto la kuchoma, ndipo hupanda. Kiatu na sabuni tangu utotoni huizuia kabisa.

Hatua ya nne: ngozi ya mwili

Choa, ambacho wengine huita mashilingi, ni duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, katikati pametulia. Cheti kitasema *tinea corporis*, fangasi wa mwili. Mapunye ya watoto ni *tinea capitis*, fangasi wa kichwa, na hapa wazazi wengi hukosea: krimu peke yake haitibu mapunye, kwa kuwa fangasi wameingia mpaka kwenye shina la nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane. Mwambie na kinyozi asafishe mashine.

Mba wa mwili huleta madoa mepesi ya kung'aa au ya kahawia kifuani, shingoni na mgongoni, yanayotoa unga ukiyakwaruza. Hautokani na uchafu. Ni hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kuzidi wakati wa joto na jasho. Baada ya dawa, rangi huchukua miezi kurudi, kwa hiyo doa kubaki si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mbalanga ni tofauti: doa jeupe kama maziwa, halina magamba, haliwashi, haliambukizi.

Upele una tabia moja ya kuusaliti: unawasha zaidi usiku, na nyumbani si wewe peke yako. Angalia katikati ya vidole vya mikono, viwiko, kiunoni. Kwenye cheti ni skebisi. Watu wote wa nyumba hiyo wapakwe siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, kuanzia shingoni mpaka nyayo. Permethrini ya asilimia 5 hukaa usiku kucha na kurudiwa baada ya wiki moja. Benzili benzoeti ni nafuu zaidi, na kipimo cha mtoto si cha mtu mzima, ulizia. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, na kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Usiongeze dawa kwa hofu.

Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, hasa kwa watoto wa familia zenye pumu. Hauambukizi. Mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga ni nusu ya tiba.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Kuna krimu za mchanganyiko, tyubu moja yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kama betamethasoni au klobetasoli. Zinauzwa kama pipi. Ukipaka kwenye choa, siku mbili tu mwasho umekwisha, ukingo umefifia, unashukuru. Chini kwa chini fangasi wanasambaa, kwa sababu steroidi imenyamazisha kinga ya ngozi. Madaktari wana jina lake, *tinea incognito*, fangasi aliyejificha sura. Nimeona msichana wa chuo mwenye choa kilichoanza kama sarafu ya shilingi mia kikafunika mgongo, na ngozi ya paja imechanika mistari isiyofutika. Kabla ya kulipa, soma orodha ya dawa iliyo kwenye boksi. Ukiona neno linaloishia na "-sone" au "-sol", muulize muuzaji waziwazi: hii ni steroidi? Na usoni kwa mtoto usiipake bila daktari.

Hatua ya tano: soma cheti chako

Maneno haya ya hospitali hujengwa kama matofali. Dema ni ngozi, oniko ni kucha, keratosi ni ugumu wa ngozi, mikosi ni fangasi. Mwisho wa "-itisi" ni uvimbe wenye joto na wekundu: dematitisi, ngozi iliyovimba, selulitisi, maambukizi ya bakteria chini ya ngozi. Paronikia ni kile tunachoita mdudu wa kidole. Herufi zitakuchanganya, kwa sababu utaona ch, y na x mahali sisi tunaweka k, i na ks. Soma kwa sauti, utalisikia neno.

Upande wa dawa: OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, *nocte* ni usiku, PRN ni pale unapohitaji. Namba zenye mkwaju hupoteza wengi: 7/7 ni siku saba, 2/52 ni wiki mbili, 3/12 ni miezi mitatu. Mzee mmoja aliona 2/52 akadhani ni tarehe, akaacha dawa siku ya pili. Alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa maana yake ni kwamba daktari anashuku, hajathibitisha.

Hatua ya sita: usingoje

Wekundu na joto unaopanda mguuni pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, yasiyovuka katikati, ni mkanda wa jeshi. Dawa yake husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Doa lisilo na hisia, ukiligusa kwa pamba husikii, linahitaji kuangaliwa ukoma. Ukoma unatibika, dawa ni bure, miezi sita au kumi na miwili, na kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu.

Anza zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa watakupa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Pale KCMC tangu 1992 kipo kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na ndipo yanapotengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuangaliwa ngozi pale, na sisi tuko nao mlangoni. Ukienda, beba tyubu zote ulizotumia hata zilizokwisha, na siku hiyo usipake kitu.

Mwenye kisukari, kwako haya yote yanabadilika. Neva za miguu zikifa ganzi, msumari unaweza kuingia usiujue. Kagua miguu kila jioni. Pima maji kwa kiwiko kabla ya kutumbukiza mguu. Usitembee peku hata chumbani, kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kata kucha moja kwa moja bila kuchimba kona, na asidi salisiliki usiiguse. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, kionwe na mtaalamu kesho yake asubuhi.